Boliti za Upande wa Kushoto

Jina la Jeki hakupewa kwa heshima. Alipewa na mafundi wenzake wa mtaa wa gereji kwa sababu alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na hakukuwa na tairi lililowahi kumshinda kuliinua. Mwanamke mwingine angenuna. Yeye aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda chake, wateja wakamjua hivyo, na maneno yakaishia hapo.

Kazi aliipata kwa baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Utotoni Jeki alikuwa akikaa juu ya ringi kuukuu na kumtazama, huku kaka yake, ambaye ndiye hasa aliyetarajiwa kushika spana, akikimbilia mpirani. Baba alipofariki, kaka akachukua trela, dada akachukua vifaa. Tangu hapo kaka hakumpa kazi hata siku moja. Gari lake lilitengenezwa kila kona ya mji isipokuwa kwa dada yake. "Sipendi kugombana na ndugu," ndivyo alivyokuwa akisema, na kila mwenye akili alielewa kwamba hamwamini.

Safari hii alikosa pa kukimbilia. Alikuwa amehamishwa kikazi kwenda mbali, kusikofika lami, naye alitaka trela la baba lifungwe matairi makubwa ili lisikwame kwenye mashimo. Kila fundi aliyeyaona madigadi ya trela lile, yaliyofunika matairi kama kofia iliyoteremka mpaka masikioni, alitikisa kichwa. "Hayaingii, mzee wangu. Yatasugua." Ndipo akaja kwa Jeki, mikono mfukoni, akitazama pembeni kama mtu aliyepotea njia.

Jeki angeweza kumringia, na mimi nisingemlaumu. Badala yake aliingia chini ya trela siku hiyohiyo. Alikata kwa grainda ukingo wa ndani wa madigadi, kisha akayanyanyua kwa kuweka vipande vya chuma kati ya bati na miguu inayolishikilia. Nafasi ikapatikana, ingawa nyembamba. Zikabaki boliti zinazoyafunga. Zilikuwa zimeingizwa kutoka juu, ncha zake zikichungulia chini, na kwa yale matairi madogo hazikuwahi kumdhuru mtu. Sasa ilibidi zigeuzwe: kichwa, ambacho ni laini, kikae upande wa tairi, na ncha itazame juu. Za upande wa kulia aligeuza zote. Za kushoto alizirudisha kwanza kama zilivyokuwa, zishike bati kwa muda wakati anapima, halafu azigeuze.

Hapo ndipo kaka alipotokea. Alizunguka trela, akainama, akapitisha kiganja kati ya tairi na bati.

"Dada," akasema, "kumbe mzee alijua anachofanya alipokuachia vifaa vyake."

Basi! Mtu amengoja neno moja tangu utotoni, halafu linamkuta ana grisi mpaka kwenye nyusi. Jeki alicheka, akajifuta uso na kuupaka grisi zaidi, akapokea soda aliyoletewa, akasimulia jinsi alivyokata ule ukingo. Alipomaliza kusimulia alishusha trela kutoka kwenye jeki, akakusanya spana zake huku akiimba.

Asubuhi iliyofuata alisimama barabarani kumpungia kaka na familia yake. Trela lilikuwa limelemewa: vitanda, kabati, mifuko ya saruji, cherehani ya wifi yake. Watoto wawili walikuwa kiti cha nyuma wakipiga kelele, "Kwaheri shangazi!" Springi zilikuwa zimelala kabisa. Akapunga mpaka walipokata kona, akarudi kibandani kufagia.

Kwenye mfuniko wa kopo la rangi, karibu na mguu wa meza, aliona washa bapa, zile pete za chuma zinazokaa chini ya nati, zimepangwa vizuri. Aliziweka yeye mwenyewe. Zilikuwa za boliti za kushoto, alizitenga aziweke atakapozigeuza.

Ufagio ukamtoka mkononi. Aliziona zile ncha kama yuko chini ya trela, zikiwa juu ya tairi jipya, na mzigo wote ule ukizishusha. Kwenye lami wangeweza kwenda. Lakini lami inaishia kileleni mwa mlima, na baada ya hapo ni mteremko wa mawe na mashimo, bonde upande mmoja. Kila shimo lingezididimiza ncha kwenye mpira. Tairi la trela likipasuka pale, trela halianguki peke yake.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Kaka akiwa kwenye usukani hapokei hata angepigiwa na rais. Ya wifi ilikuwa imezimwa. Jeki akavuka barabara mbio, akamwambia jirani yake fundi cherehani, "Naomba pikipiki, usiniulize," na yule bwana kwa jinsi alivyouona uso wake hakuuliza. Akafunga mfuko wa spana na pampu ya mguu kwenye kiti cha nyuma, akaondoka.

Njiani aliwaza mambo mawili, na la pili lilimwaibisha. La kwanza lilikuwa watoto. La pili lilikuwa lile neno la jana. Akimfikia kaka itabidi aseme, na akisema, neno lile linakwisha. Alijichukia kwa kuliwaza, lakini aliliwaza, tena kwa uchungu.

Aliwakuta kileleni, mahali madereva wanapopumzisha magari. Watoto walikuwa wanakula ndizi ndani ya gari. Kaka alikuwa anakaza kamba za mzigo, mwenye furaha zake.

"We! Tumesahau nini?"

"Kaka, usishuke huu mteremko. Nimekosea. Boliti za kushoto sikuzigeuza."

Furaha ikamtoka usoni polepole. Akachuchumaa, akalitazama tairi la kushoto. Lilikuwa jipya, safi, bila mkwaruzo. Akachungulia chini ya bati, lakini kwa mzigo ule hapakuwa na nafasi ya kuona kitu.

"Mbona zima? Tumetoka nalo huko kote."

"Huko ni lami."

"Dada, nina watoto kwenye jua. Nikifika nitatafuta fundi aangalie."

"Hutafika, kaka."

"Jana ulisema kazi imekwisha. Leo unasema haijaisha. Nishike lipi?" Akafungua mlango wa gari. "Nyinyi fungeni mikanda."

Jeki alijua kubishana na kaka yake ni kupoteza muda. Alibishana naye miaka yote. Akapiga magoti, akafungua kifuniko cha valvu ya tairi la kushoto, akakichomoa kile kipini cha ndani kinachozuia upepo. Upepo ukatoka kwa mlio mkali, trela likainamia upande.

"Umerogwa?" Kaka alirudi amekunja ngumi. Madereva wengine wakageuka. "Unanipasulia tairi mbele ya watoto wangu?"

"Nipige ukitaka," Jeki akasema. "Lakini utanipiga baada ya kulifungua."

Wifi yake alikuwa ameshashuka, na watoto nyuma yake. "Baba watoto," akasema, "mwache afungue."

Akafungua. Aliinua trela kwa jeki, akalegeza nati, akalitoa tairi na kuligeuza, upande wa ndani ukatazama juu. Pale kwenye bega la tairi, mahali ambapo mtu aliyesimama nje hawezi kupaona, palikuwa na majeraha, moja baada ya jingine, duara zima. Matuta ya mjini tu yalikuwa yameyafanya hayo. Kaka akachuchumaa. Akaingiza ncha ya kidole kwenye jeraha moja, akaitoa, akaingiza tena.

Jeki aligeuza boliti za kushoto, akaweka washa, akakaza. Lile tairi walilitupa juu ya mzigo, wakafunga la akiba. Alipoanza kukusanya spana kaka akasema, "Bado la kulia."

"La kulia niligeuza kwa mikono yangu."

"Na hili uliniambia limekwisha."

Ilimchoma. Ilikuwa kweli. Akahamishia jeki upande wa pili, akalitoa tairi la kulia, akakaa kando kama mshtakiwa. Kaka alilala chali kwenye vumbi na shati lake safi, akapapasa boliti moja baada ya nyingine. Vichwa vyote vilikuwa chini, laini. Akazipapasa tena.

"Ziko sawa," akasema kutoka kule chini.

Jeki akarudisha tairi, akakaza nati, akabaki ameketi chini. Kaka akasimama mbele yake, akamnyooshea mkono kumwinua. Jeki akaushika. Kaka akamvuta, na hata alipokwisha kumsimamisha hakumwachia.