Ndizi Nilizozisoma Nisizijue

Nimezeeka, mwanangu, na mengi yamenitoka kichwani, ila siku ile niliyochekwa na watoto arobaini huku nimeshika karatasi naikumbuka mpaka rangi ya gauni nililovaa. Umeniletea karatasi za ufahamu za wanafunzi wako, na unajisifu kwamba darasa zima limepata zaidi ya nane kwa kumi. Hongera. Vuta kigoda ukae nikusimulie kwanza, karatasi utanisomea baadaye.

Nilipangiwa kazi huku Kibondo miaka ya sabini, msichana mbichi kutoka Pangani, nina sweta moja na maneno mengi. Baridi ya huku ilinitesa, lakini kiburi kilinipa joto. Sisi watu wa pwani tulijiona Kiswahili ni mali yetu, wengine wote wanatuazima tu. Watoto niliowakuta shuleni walisema Kiha nyumbani kwao, na wengine, waliovuka mpaka na wazazi wao kutoka Burundi, walisema Kirundi, ambacho na Kiha ni kama ndugu wa tumbo moja. Kiswahili walikutana nacho darasani. Lakini kusoma walisoma, mwanangu! Ukimpa mtoto wa darasa la nne kitabu, anakwenda mserereko mpaka mwisho wa ukurasa bila kujikwaa. Nami nikajua nimefundisha.

Na maswali walijibu. Habari ikisema Juma alikwenda sokoni kununua chumvi, swali linauliza Juma alikwenda wapi. Mtoto anatembeza kidole mpaka alipo Juma, ananakili mstari mzima, nami natia vema kwa wino mwekundu. Nikimaliza nakwenda zangu kuchambua maharage.

Mmoja tu alinikera. Aliitwa Yozefina, binti wa mkimbizi mmoja aliyelima kando ya njia ya kwenda Kumsenga. Akisimama kusoma, anasoma maneno mawili, anatua. Anarudi nyuma, anatazama dirishani, anaendelea. Darasa linaguna. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia kwamba akisoma hivyo jua litatuchwea, na wenzake wakacheka, nami nikaona nimefanya mzaha mzuri. Mzaha ule nauonea haya mpaka leo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Wakati ule shule yetu ilikuwa na madarasa ya nne mawili na la tano moja. Si wote waliopanda, na kila mwalimu alitoa orodha yake. Mimi nikawapa mtihani wa kusoma kwa sauti, na mwingine wa habari iliyomhusu bibi mmoja aliyekataa kupika mbegu zake wakati wa njaa. Swali la mwisho liliuliza kwa nini alikataa. Kitabu kilisema mvua zilikuwa karibu. Waliosoma vizuri wakanakili kwamba mvua zilikuwa karibu. Yozefina akaandika: wakila leo, mwakani watakufa. Nikamtia kosa, kwa sababu kitabuni hamna maneno hayo.

Ijumaa nikasoma majina ya wanaopanda la tano. La Yozefina halikuwemo. Hakulia. Alikunja daftari lake, akalifunga ndani ya kitenge, akaenda. Jumatatu hakuja, na wenzake wakaniambia baba yake amesema basi, kama shule imemkataa, jembe halijamkataa.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Bihigwa, Muha wa Kasulu, mtu mzima wa maneno ya kuhesabu. Asubuhi utapata "Mwakeye" moja, ndiyo salamu ya huku, na mpaka jioni humsikii tena. Alichukua karatasi ya Yozefina mezani kwangu, akaisoma taratibu, akaweka kidole kwenye ile alama ya kosa. Nikaanza kujieleza. Nikamwambia mtoto huyu anakwama, hafuati kitabu, na nafasi ni chache. Akaniitikia kwa kichwa tu. Akaniomba kesho yake niwaonyeshe watoto kusoma kunakotakiwa, kwa kuwa sauti yangu ni nzuri. Mwanangu, nilifurahi! Usiku ule nilipiga pasi gauni langu la buluu.

Kesho yake akaingia darasani na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Ilikuwa kwa Kiha. Akasema kwa mwalimu hodari lugha si kitu, herufi ni zilezile. Nami, nisiyejua Kiha zaidi ya salamu, nikaipokea. Nikasoma kwa madaha, nikipandisha na kushusha sauti. Kufika mstari wa tatu watoto wakaanza kuchekea viganjani. Wa tano, darasa zima likaangua kicheko. Nikawakazia macho, nikasoma mpaka mwisho.

Mwalimu Bihigwa hakucheka. Akaandika ubaoni maswali manne, nayo kwa Kiha, akaniomba niyajibu. Basi nikafanya kama walivyofanya wanafunzi wangu. Nikatafuta neno la swali kwenye karatasi, nikanakili mstari uliolibeba. Akasahihisha mbele ya watoto kwa chaki nyekundu. Nne kwa nne.

Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona huendi kuchukua ndizi zako?"

Nikamuuliza ndizi gani. Ndipo akanifasiria. Karatasi ilisema kwamba anayeisoma ameandaliwa mkungu wa ndizi mbivu nyuma ya mlango. Akifika mstari wa tatu aache kusoma, akazichukue. Akiendelea kusoma hadi mwisho, basi hazitaki, watoto wazile. Mkungu ulikuwepo kweli, nami nilikuwa nimeupita nikiingia. Watoto wakapewa, na hata ganda sikuachiwa.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa nikiusema msemo huo kuwatania wengine. Siku ile nilisimama pale kijasho chembamba kikinitoka katika baridi ya Kibondo. Nilikuwa nimepata nne kwa nne, na sikujua hata kwamba nazungumziwa mimi. Nikakumbuka kila vema niliyotia mwaka mzima ule.

Kengele ya mwisho ilipolia nikamwomba Mwalimu Mkuu anisindikize kwa kina Yozefina. Orodha ilikuwa ipelekwe ofisini Kibondo mjini Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Tulimkuta Yozefina uani akimenya muhogo na baba yake akitengeneza mpini. Nikamwomba mtoto anisimulie ile habari ya bibi na mbegu, bila kitabu, kwa lugha anayoitaka. Akamtazama baba yake kwanza, kisha akaanza kwa Kirundi, na Mwalimu Bihigwa akawa ananifasiria. Alisimulia yote, kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye kukataa, akaongeza ambalo kitabuni halimo. Alisema hata nyanya yake alikuwa hivyo. Walipokuwa wakikimbia kuja Tanzania alifunga mbegu za maharage kwenye pindo la nguo, wajukuu wakamlilia njaa njiani, naye hakufungua pindo mpaka walipopata shamba. Maharage yaliyokuwa yakichemka jikoni jioni ile yalikuwa uzao wa mbegu zile.

Nami nilikuwa nimemtia kosa. Machozi yalinilenga, sikufichi.

Baba yake akaweka mpini chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini swali lake lilinyooka. "Mwalimu, amekosa mtoto, au umekosa wewe?"

Miaka ile, mwanangu, mwalimu hakukosa. Mzazi alivua kofia akipita mbele yako. Ningeweza kusema ofisi imebadili, au nafasi imeongezeka, na Mwalimu Bihigwa asingenisuta. Alikuwa akitazama muhogo. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilikwisha vuliwa mchana ule mbele ya darasa.

"Nimekosa mimi," nikasema. "Mtoto ameelewa. Mimi ndiye sikuelewa."

Mzee yule akamwambia binti yake akanawe mikono, kesho ni shule. Tukakaribishwa maharage, tukala. Kesho yake nikarudia mtihani kwa darasa zima, vitabu vimefungwa, kila mtoto anasimulia kwa lugha yake, Mwalimu Bihigwa akinifasiria. Jina la Yozefina likawa la tatu. Mvulana wangu wa kwanza darasani, yule aliyesoma mserereko kuliko wote, alisimama akanitolea macho, hana neno hata moja. Huyo naye nilimkosea, labda kuliko Yozefina, maana nilimsifu mpaka akaacha kuuliza. Ilinichukua mwaka mzima kumfundisha kusema "sijaelewa".

Basi, mwanangu, hizo karatasi zako ziweke pembeni. Kesho ingia darasani, waambie wafunge kitabu. Muulize mtoto habari ilikuwa ya nini, na kwa nini mtu yule alifanya vile, na yeye angefanyaje. Kiswahili kikimkwamisha, mwache aseme kwa lugha ya mama yake, nawe ukae chini ujifunze lugha hiyo. Akijibu kwa maneno yasiyomo kitabuni, kalamu yako nyekundu itulie kwanza. Anayesoma polepole usimcheke, huenda anatafuna. Na ukikosea, mwambie mzazi umekosea, utaishi.

Mimi sikurudi Pangani, niliolewa hukuhuku. Sasa macho yamefunga, na barua za hospitali nasomewa. Anayenisomea ni Yozefina, naye ni bibi mwenye wajukuu. Mpaka leo hasomi mserereko. Hushika karatasi, akasoma kimya huku midomo ikicheza, akarudi nyuma, akatazama dirishani. Mimi humsubiri. Kisha huikunja karatasi, akanishika mkono na kusema, "Mwalimu, wanachosema ni hiki."

Mungu akupe mwanafunzi wa namna hiyo, mwanangu, na akupe macho ya kumtambua ungali na nguvu. Nenda salama.