Mtoto Alichora Kwenye CV Yangu

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kulikuwa bado giza. Nikadhani ni panya kwa debe la unga, nikavuta blanketi.

Halafu nikapapasa kando yangu. Waithira hakuwepo.

Nilimpata amelala kifudifudi hapo mlangoni, mahali taa ya koridoo huingilia kwa chini, kalamu ya wino mkononi. Alikuwa anachora. Na karatasi aliyokuwa anachorea ilikuwa CV yangu, ile moja tu niliyokuwa nayo, na siku yenyewe ndiyo ya intavyuu.

"Wee Waithira, umefanya nini?"

"Hapa kulikuwa hakuna kitu," akasema.

Nilikaa chini sakafuni nikashindwa hata kumgombeza.

Naitwa Wangechi. Mtoto wangu ana miaka sita, na jina lake ni la cucu yake wa Gakindu, mama ya baba yake. Baba mwenyewe alihepa zamani. Lakini cucu hajawahi kusahau jina lake.

Jumapili iliyopita alikuwa amenipigia simu. "Mwezi ukiisha kama bado unachagua viazi sokoni Karatina, nakuja kuchukua jina langu. Mtoto hatakulia kwa magunia."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anadanganya. Waithira alikuwa anakulia kwa magunia.

Sasa hiyo intavyuu. Ushirika mmoja wa wakulima wa maziwa kule Tetu ulitaka karani. CV niliandikiwa na Gatimu, jamaa wa saiba, lile duka la kompyuta pale mjini. Nilimweleza maisha yangu yote: niliacha shule kidato cha pili nikiwa na mimba, nikaja kumalizia ngumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, mtoto akilala chini ya dawati. Nikafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nikapita.

Gatimu akacheka. "Ngumbaru? Madam, hiyo usiweke. Watafikiria wewe ni nyanya. Tuweke matokeo, shule tuiruke."

"Na hapo katikati?"

"Tunaacha nafasi. Inakaa smati."

Halafu akaniwekea hobi: kusoma, kusafiri na kuogelea. Mimi maji ninayoyajua ni ya karai.

Hiyo nafasi ndiyo Waithira alijaza. Ubao. Taa. Mama kwa dawati, yeye mwenyewe chini ya dawati. Na kando ya mama, mzee mwenye kofia iliyochomekwa unyoya.

Saiba zote zilikuwa zimefungwa, na saa mbili nilitakiwa niwe Tetu. Nikaibeba vivyo hivyo.

Nilimwacha Waithira kwa benchi ya askari wa geti, nikaingia.

Ndani kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni meneja, Bwana Wandera, tai imekaza shingo. Wa pili ni mwenyekiti wa wakulima. Na mbele ya mwenyekiti, juu ya meza, kulikuwa na kofia yenye unyoya wa kanga.

Kofia ile ile ya kwenye picha.

Guka.

Kule ngumbaru tulimwita hivyo tu, yaani babu, hatukujua jina lingine lake. Alikuwa anatoka mbali, ng'ambo ya mto, ndio asijulikane. Mwalimu alimkalisha na mimi nimsaidie kusoma. Siku aliyoandika jina lake bila kuangalia ubao, alifuta macho na hiyo kofia, akaniambia, "Msichana wangu, hii ikae hapa. Kwetu wanajua nilisoma kitambo."

Nikamwambia, "Kwangu haitatoka, Guka."

Wandera akachukua CV. "Mama, kila mtu tumeita leo anaogelea. Mnaogelea wapi, na hii baridi ya Nyeri?"

Akashusha kidole kwenye karatasi.

"Cheti kiko. Shule haiko. Ulisomea wapi?"

Nikaiangalia ile kofia.

"Na hii katuni?"

"Ni mtoto, bwana. Pole sana."

Nikitaja ngumbaru, Wandera ataangalia picha, aangalie kofia, na siri ya mzee iishe hapo. Guka alivuta kofia polepole kutoka mezani, akaishikilia magotini. Hakuniangalia.

"Nilikuwa nyumbani," nikasema.

"Ni nyumbani walikupea KCSE?" Wandera akaweka kalamu chini. "Mama, cheti bila shule mimi hupeleka polisi."

Akilini niliona nguo za Waithira zimekunjwa kwa mfuko, zinaenda Gakindu. Nikaanza kukusanya makaratasi yangu. Sikuwa naona vizuri.

"Wacha hiyo karatasi."

Ilikuwa sauti ya Guka. Akavaa kofia yake, humo humo ndani ya ofisi, akainyoosha.

"Wandera. Angalia huyo mzee wa picha. Haya, niangalie mimi."

Wandera akaangalia picha, akamwangalia mzee, akarudia picha.

"Mwenyekiti, ati wewe..."

"Ati mimi. Mbeleni kila mkutano nilikuwa nasahau miwani, wewe unanisomea. Siku hizi sisahau. Hukushangaa?" Akanigusa bega. "Huyu ndiye alinifundisha. Sasa hivi amekubali kukosa kazi ndio nisiaibike mbele yako."

Wandera akalegeza tai.

"Huko ngumbaru ulikuwa unafanya nini kingine?"

Nikamwambia. Niliwasomea wazee meseji za malipo ya maziwa. Niliwaonyesha kutuma pesa kwa simu bila kumpa mtu namba ya siri. Niliwaandikia barua wakikatwa pesa vibaya.

"Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe," akasema. "Mbona hukuandika?"

Nilianza kazi Jumatatu. Wandera aliniambia tu nilete CV nyingine, ati faili haiwezi kukaa na katuni. Guka akaiomba ile ya katuni, akaikunja akaitia ndani ya kofia.

Jioni ya siku ile ya intavyuu nilimpigia cucu nikamwambia nimepata kazi. Akauliza tu kama jina lake limekula.

Wewe unayetafuta kazi, nisikize. Usikubali mtu wa saiba akuandikie maisha ya mtu mwingine. Soma kazi wanayotaka, halafu uandike mahali umewahi kufanya kitu kama hicho, hata kama watu huwa wanapacheka. Na kama huogelei, usiogelee.

Nilirudi kwa Gatimu. Safari hii nilisimama nyuma yake nikamtajia kila neno, na ngumbaru akaiandika kwa herufi kubwa, bila kucheka. Waithira alikuwa amepanda kiti, anafuatisha maneno kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole. Alipofika hapo kwa shule akasimama, akageuka akanitazama, amenuna.

"Mama, hata mimi nilisoma hapo."