Leso ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu anasomea ubunifu wa vitambaa Houston. Mimi na cheti changu cha fomu foo tunalinda kochi la mama hapa Irving. Wikendi alikuja na leso aliyoichora mwenyewe kwa mtihani wa mwisho. Mama aliipakata kama mjukuu, na wivu ukanipanda. Nikaikagua kutoka pindo hadi katikati nikitafuta kosa, nikalipata: haikuandikwa maneno.

“Leso bila maneno ni pazia, mwanachuo,” nikamwambia.

Akacheka. “Hapo nimekuachia wewe, dada. Nani anajua kurusha vijembe kukushinda?”

Tangu arudi Houston ameshapiga simu kuniuliza maneno hayo. Namwambia bado nafikiria. Maneno ninayo tele, ila yote yanamsema yeye.