Mifuko Mia Tatu Sitini na Mitano

Mume wangu ana sura ya kawaida kabisa. Nasema hivi kwa mapenzi, na pia kwa sababu nimeishonea sura hiyo mifuko mia tatu sitini na mitano, kwa hiyo naijua. Ukikutana naye sokoni asubuhi, mchana umeshamsahau. Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyeitwa msanii, akatundikwa ukutani, watu wazima wakasimama mbele yake na soda mkononi, wameinamisha vichwa upande kana kwamba kuna kitu kimeandikwa puani. Makubwa haya!

Kazi yake ni picha za pasipoti. Studio ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na kinyozi: stuli moja, pazia jeupe, taa mbili zenye miavuli, na kioo kidogo cha wateja kuwekea kola sawa. Mtaa mzima unamwita Usicheke, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho kwa kila mteja. "Kaa. Tazama hapa. Usicheke." Hata maharusi amewahi kuwaambia hivyo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sina ugomvi na mtu anayecheka, lakini nami siku hizi ni Mama Usicheke, nitafanyaje.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa wateja, Usicheke hujipiga picha. Si kwa kujipenda. Anawasha taa, anakaa kwenye stuli, kamera inahesabu sekunde kumi, flashi inalipuka. Anaichapa ile picha, anaipeleka dirishani, anaangalia kama ngozi imetoka na rangi yake au imekuwa ya kijivu kama ya mgonjwa. Ikiwa sawa, anafungua. Tarehe hujiandika yenyewe kwenye kona, kwa tarakimu za rangi ya chungwa, na picha inatupiwa kwenye boksi la viatu, nakala ikibaki kwenye kompyuta. Amefanya hivyo miaka ishirini na mmoja, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Yeye aliita kupima taa. Sanaa ilikuja baadaye, pamoja na kofia.

Aliyeileta ni dada wa ukumbi, msichana mwenye miwani mikubwa anayesimamia ukumbi wa maonyesho nyuma ya maktaba. Alikuja kupiga picha ya pasipoti, akaambiwa asicheke, akacheka, akaambiwa asogee pembeni kwanza acheke yaishe. Huko pembeni ndiko yalikokuwa maboksi. Alifungua moja, akafungua la pili, akakaa sakafuni na sketi yake nzuri. Jioni nikapigiwa simu mimi.

"Shikamoo mama. Samahani, eti baba anajipiga kila siku?"

"Marahaba. Hajipigi, mwanangu. Labda mimi ndiye nitampiga. Amefanya nini?"

Alichotaka ni mwaka mmoja mzima, Januari mpaka Desemba, siku zote bila kuruka hata moja, ukutani mstari kwa mstari. Usicheke akampa kompyuta nzima achague mwenyewe. Na dada wa ukumbi akachagua mwaka wa masharubu, mwaka ambao mume wangu alifuga masharubu mara tatu na kuyanyoa mara tatu. Ndio mwaka aliozaliwa binti yetu.

"Mwaka ule taa zilikuwa mbovu," Usicheke akasema, haraka mno. "Chagua mwingine."

"Ndio nautaka huohuo," dada wa ukumbi akasema, na neno lake likapita.

Basi tukaanza matayarisho. Mwenzangu alinunua kofia. Akaanza kusema "sisi wasanii". Asubuhi ya kupima taa, ambayo kwa miaka ishirini ilikuwa ya dakika mbili, ikawa ya nusu saa: mara kidevu juu, mara anatazama mbali kama mtu anayesubiri mgeni. Kinyozi wa jirani akaja kuniuliza kwa upole kama mume wangu yu mzima. Mimi nikapewa kazi ya kitambaa: kipande kirefu cheusi, mifuko midogo ya plastiki iliyo wazi, na juu ya kila mfuko tarehe, niitarizi kwa uzi wa rangi ya chungwa. Vidole vyangu hadi leo havijanisamehe.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi nikawa nachomeka picha mifukoni. Zote ziliingia, isipokuwa moja. Mfuko wa tarehe aliyozaliwa binti yetu ulibaki mtupu.

"Hiyo haipo," akasema, macho kwenye gazeti. "Siku ile nilikuwa njiani. Si unajua habari ya basi."

Nani asiyeijua habari ya basi! Kwa miaka kumi na tisa imesimuliwa kwetu kila anapokuja mgeni. Kwamba alfajiri, kabla uchungu haujanianza, Usicheke alitoka kwenda mji wa pili kununua karatasi za picha. Kwamba wakati wa kurudi basi likazama kwenye tope. Kwamba abiria wote walishuka wakasimama pembeni, na yeye peke yake, na viatu vyake vya ngozi, akasukuma. Mwanzoni basi lilikuwa dogo. Kadiri mtoto alivyokua nalo likakua, dereva akaanza kulia, na mwisho kulikuwa na bibi kizee aliyembariki mtoto ambaye hajamwona. Chuku tupu, lakini tuliipenda. Na binti yangu aliipenda kuliko sisi sote. Akiumwa, husimuliwa basi. Akifeli mtihani, husimuliwa basi. Alikuwa na miaka sita alipowaambia wenzake shuleni kwamba baba yake alisukuma basi zima ili aje amwone yeye.

Nikauacha mfuko mtupu, nikaona hata unapendeza.

Siku ya pili yake dada wa ukumbi akaja kupima kitambaa. Akaona pengo.

"Mama, hii mbona ipo? Kwenye kompyuta nimeiona. Tena ipo mara nyingi. Arobaini na moja."

"Arobaini na moja nini?"

"Picha. Za siku hiyo moja. Ya kwanza saa moja asubuhi, ya mwisho saa kumi jioni. Nilidhani mnajua."

Nikajikausha. Nikamwambia, "Ee, zile! Nichapie zote, mwanangu." Akaniletea kwenye bahasha. Nikafunga mlango, nikaketi kwenye cherehani, nikaanza kuzitazama huku nachemka. Saa moja asubuhi, yuko kwenye stuli. Saa nne, wakati mimi nazaa, yuko kwenye stuli. Saa saba, mimi nimelala wodini natazama mlango, kila mwanamume anayeingia nainua kichwa, yeye yuko kwenye stuli, shati safi, hana hata tone la tope! Dada yangu alipiga simu ya studio siku ile mpaka akachoka. Na huyu mtu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye simu anajipiga picha. Nilishika mkasi, nasema kweli, sijui nilitaka kuukatia nini.

Halafu nikaanza kuziangalia vizuri. Hazikuwa sawa. Katika moja anatabasamu, yeye Usicheke, meno yote nje, tabasamu la kutengeneza. Inayofuata amekaza midomo, ameinamisha macho, kama mtu anayepokea pole. Kisha tena tabasamu. Kisha tena pole. Nikaelewa, na mkasi nikauweka chini. Alikuwa anafanya mazoezi ya sura. Mtoto wetu wa kwanza, miaka miwili kabla ya hapo, hatukurudi naye nyumbani, na siku hiyo Usicheke ndiye aliyeitwa pembeni kwenye korido, akaambiwa yeye kwanza, kisha akaingia kuniambia mimi. Safari hii hakujua aje na uso gani. Nilifika kama picha ya ishirini na kitu, nikashindwa kuendelea, nikazirudisha kwenye bahasha nikalia kidogo juu ya kitambaa chake cheusi.

Nililia kidogo. Lakini kunidanganya miaka kumi na tisa, huko sikukusamehe kirahisi. Nikaamua alipe, na malipo niyachague mimi.

Kuanzia jioni hiyo basi likawa chakula chetu. "Mume wangu," naanza, huku nampakulia, "hilo basi lilikuwa la rangi gani?"

"Bluu."

"Mbona mwaka jana lilikuwa jekundu?"

"Bluu yenye mistari myekundu."

Kesho yake: "Na zile karatasi ulizokwenda kununua, mbona sikuziona?" Kesho kutwa, mbele ya kinyozi na mkewe: "Hebu wasimulie kuhusu yule bibi kizee. Alikuwa amevaa nini?" Kijasho chembamba kilimtoka. Alikonda, kofia ikaanza kumshukia masikioni. Siku ya tano akaacha kijiko.

"Umeziona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Mke wangu, usinitese."

Nikatoa bahasha, nikaiweka kando ya sahani yake. Hakuifungua. Alisema kwamba aliogopa, kwamba kila alipofika mlangoni alirudi. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia sana, na nitaendelea mpaka nichoke. Kisha akauliza lile alilotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Utamwambia mtoto?"

"Mimi? Mimi ni fundi tu, nimeshashona mfuko wangu. Kuujaza ni juu yako. Ukiuacha mtupu sitasema neno mpaka nazikwa."

Sikumtania hapo. Niliona jinsi alivyoikunja ile bahasha na kuitia kifuani. Mambo mengi baba huyu hakumpa binti yake, hatukuwa na uwezo, lakini basi alimpa, na sasa ilibidi achague kumnyang'anya au kuendelea kumdanganya.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa kuliko nilivyotarajia. Nusu ni wateja wake, wamekuja kumwona yule aliyewakataza kucheka. Walicheka, tena kwa sauti, mbele ya masharubu ya Machi. Usicheke alizunguka na kofia yake, anapokea pongezi, mkono mmoja kifuani kama mwenye kiungulia. Mfuko wa tarehe ile ulikuwa mtupu. Nikajisemea, haya, ameamua.

Binti yetu akafika kutoka chuoni na begi begani. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa, akapitisha kidole kwenye tarehe mpaka akaifikia yake, akakuta pengo, uso wote ukang'aa. Akamshika mgeni wa kwanza aliyekuwa karibu, mzee mmoja asiyemjua hata kidogo.

"Huu ni wangu! Kati ya siku zote hizi hii tu ndiyo hakujipiga. Unajua kwa nini? Alikuwa anasukuma basi aje kuniona."

Watu wakasogea. Akaanza kusimulia, tope, viatu vya ngozi, abiria walioshuka, na anasimulia vizuri, maana amemrithi baba yake kwa chuku. Alikuwa amefika kwa bibi kizee nilipomwona Usicheke anavuka ukumbi. Alivua kofia. Akatoa bahasha, akachomoa picha moja, akaichomeka kwenye mfuko ule mtupu mbele ya watu wote, baada ya kukosea mara mbili.

"Mwanangu," akasema, "hakukuwa na basi."

Binti yangu aliitazama picha, akasoma tarehe, akatazama shati safi.

"Ulikuwa hapa hapa mjini?"

"Dakika kumi kwa miguu."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Nilikuwa nakuogopa. Kabla yako tulimpoteza mmoja. Sikujua nikija nitaambiwa nini, nikawa natafuta uso wa kuja nao." Akamsogelea. "Nisamehe, mama."

Binti yangu alinyoosha mkono, akaichukua bahasha. Akaanza kuzipitia, moja moja, palepale, na hakuna aliyethubutu kuondoka, hata yule mzee. Tabasamu, pole, tabasamu, pole. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakusimama pale niliposimama mimi, aliendelea hadi ya arobaini na moja. Hiyo nilikuwa sijaiona. Stuli imeinama, pazia jeupe, na kwenye pembe ya picha bega la mtu, limefifia, limeshatoka nusu. Sekunde kumi hazikuwa zimeisha, yeye ameshainuka.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa kumi," Usicheke akasema. "Baada ya hiyo sikujipiga tena."

Binti yangu akaitoa ile picha ya shati safi mfukoni, akamrudishia baba yake, akachomeka hiyo ya bega. Kisha akasimama pembeni ya mfuko huo kama mlinzi. Mama mmoja aliyechelewa akapita, akahesabu sura mstari mzima, akafika hapo, akauliza kwa nini siku hiyo mwenyewe hayumo, ni bega tu.

"Hapo alikuwa anakuja kwangu," binti yangu akamwambia.