Mandolini Iliyopakwa Samli

Kila nikifungua kabati, harufu ya samli iliyochacha hunijia kabla sijaigusa mandolini ya baba, nami huikumbuka siku ile.

Tuliinunua huko Bonga, mimi na baba, kwa fundi aliyezitengeneza kwa mkono nyuma ya nyumba yake. Baba alichagua ile isiyopakwa rangi wala vanishi, maana ndiyo aliyoimudu. Mbao zake zilikuwa nyeupe na kavu, laini kama kiganja chenye unga. Fundi alimwonya, "Usiipake kitu. Ikinywa mafuta, sauti inakufa."

Nyumbani Mutuka baba aliilaza kitandani akaenda kuoga, kwa kuwa jioni ile alikuwa na mazoezi ya kwaya. Bibi, mama yake, akaingia, akanikuta nimeketi kando yake. Kwake kila kitu kipya cha mti, mwiko au kigoda, kilipakwa samli kisipasuke. Akachota samli kwenye kikombe alichokuja nacho, akaanza kuisugua mandolini.

"Shikamoo, bibi," nilisema, ingawa tulishaamkiana asubuhi. Sikujua mtoto anamkatazaje bibi yake.

"Marahaba. Shika huku nipake mgongo."

Nikashika. Bafuni maji yakanyamaza.

Baba alisimama mlangoni, taulo begani. Akaichukua mandolini, akagusa uzi mmoja. Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Sasa haitapasuka," bibi alisema, akijifuta mikono kwenye kanga.

Baba alinitazama mimi kwanza, kisha mama yake. "Haitapasuka, mama. Asante."

Haijapasuka mpaka leo.