Nilimbwaga, kisha nikampa mkono ainuke: mashindano yangu ya kwanza nje ya Kongo

Wakuu, habari za mchana. Niko Kisangani, na Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi, yenyewe imekolea.

Mimi ni binti na napigana mieleka. Ya kweli, sio ile ya kuigiza kwenye TV.

Nilianzia Yanonge, kijiji cha kina papa, kwenye mchanga wa mtoni. Kule sheria ni moja: mgongo ukigusa mchanga, kwisha. Mshindi anaachia palepale, anampa mwenzake mkono, anamuinua. Ukiendelea kumbana mtu aliyeanguka, kijiji kizima kinakuona huna adabu. Papa alikuwa akisema, "Mutu akisha kuanguka, iko ndugu yako."

Bon. Mjini nikaingia klabu, nikafundishwa freestyle, ile ya kimataifa. Humo kumwangusha mtu ni pointi tu. Mechi inaendelea mpaka umbane mabega yote mawili chini na refa apige zulia kwa kiganja, au muda uishe.

Sheria hiyo niliijua vizuri kabisa. Tatizo, klabuni wote tumetoka mchangani, tukiangushana tunaachiana na kucheka. Kocha wetu, tonton Faustin, alikuwa anapiga kelele mpaka sauti inamkauka.

Mwaka jana nikaitwa timu ya taifa, mashindano ya Afrika. Kupanda ndege mara ya kwanza, wakuu!

Mama anauza vitenge sokoni, na hakufurahi hata kidogo. Alinipa sharti: nisiporudi na medali, mieleka basi, nakaa naye dukani. Na mama yangu akisema, kasema.

Mechi ya kwanza nikapewa dada mmoja, kifua kama mlango. Nikamwingia chini, nikamnyanyua, nikambwaga puu! Ukumbi wote ukapiga kelele. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Halafu nikamwachia. Nikamnyooshea mkono nimuinue.

Yule dada aliutazama ule mkono, nadhani hata yeye hakuamini. Kisha akaushika, akanivuta, akanizunguka mgongoni, na kabla sijaelewa kitu mabega yangu yote yako chini na refa anapiga zulia.

Nimepigwa. Watu wanacheka, tonton Faustin kashika kichwa.

Nililia jamani. Nikakaa pembeni najiona tayari nakunja vitenge maisha yangu yote.

Kumbe mieleka ina huruma yake. Aliyekupiga akifika fainali, wewe unarudishwa kupigania shaba, sisi tunaita repêchage. Na yule dada, Mungu ambariki, akawachapa wote mpaka fainali! Nilimshangilia kuliko watu wa nchi yake.

Donc nikarudi. Nikashinda mmoja kwa pointi, ikabaki mechi ya shaba.

Hiyo ilikuwa kazi. Mwenzangu anaongoza, muda unayoyoma, mimi pumzi hakuna. Mara nikapata upenyo, nikamtupa. Mgongo chini.

Wakuu, nawaapia, mikono yangu ikaanza kufunguka yenyewe!

"Bado! Usimuachilie!" Tonton Faustin huyo, sauti haikumkauka siku hiyo.

Nikafumba macho, nikambana. Dada wa watu anaguna, anajipinda, na mimi moyoni namwomba radhi, lakini siachii ng'o. Refa akapiga zulia.

SHABA! Nilikimbia ukumbi mzima na bendera, nikamrukia tonton Faustin nusura nimvunje kiuno.

Nikampigia mama. Kabla sijamaliza kusema, papa alikuwa keshatangaza mtaa mzima, nasikia vifijo nyuma ya mama. Mama hakunipongeza. Aliuliza, "Mutoto ya watu, hukumuumiza?"

Nikamwambia hapana, mzima kabisa. Akawanyamazisha wenye vifijo, akauliza tena:

"Bon. Safari ingine iko lini?"

Hapo nililia kuliko nilivyolia nilipopigwa.

Funzo langu: nyie wa pwani mnasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Malezi yangu siyatupi, nikienda Yanonge bado naachia vizuri tu. Ila kwenye zulia nasubiri refa.

Mliowahi kuponzwa ugenini na adabu za nyumbani, shusheni visa vyenu hapa tucheke pamoja. Na yule atakayeuliza binti wa mieleka nani atamuoa, aje Kisangani, kwanza tukutane kwenye zulia.