Sala Iliyokosa wa Kuitikia

Tulimsikia kabla ya kumwona. Asubuhi ile, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ukungu ulikuwa umemeza hata boneti ya gari letu. Kilichotufikia kilikuwa mlio mwembamba wa vibati vya shanga vikigongana, vikikaribia hatua kwa hatua, mpaka ukungu ukamtoa mama wa Kimasai, shuka begani, kibuyu cha maziwa mkononi. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, nikamwamkia kwa Kimasai, nikimwita mama.

"Takwenya, Yeyo."

"Iko," akaitikia.

Ndiye tuliyemfuata huko juu. Safari ilikuwa ya Kenya, kwenye kusanyiko la watu wa dini mbalimbali. Yeye angeomba kwa desturi ya wafugaji. Mwinjilisti wetu wa Karatu, aliyekuwa akiendesha, angehubiri. Mimi ningesema slufay, sala ya wazee wa Kiiraqw, niliyofundishwa na babu, na rafiki yangu wa kwaya angeniitikia.

Slufay haisemwi na mtu mmoja. Msemaji hutupa maneno, wengine huyapokea. Yasipopokewa, hukaa chini. Ni kazi ya wazee wa kiume, lakini wanawe babu waliiona ya kizamani, akabaki na mimi, mjukuu wa kike mwenye kiu ya maneno. Alipofariki, kijijini petu hapakuwa na wa kuipokea tena. Nilikuwa nimemwahidi haitazikwa naye. Rafiki yangu akajitolea. Miezi mizima tulikaa jikoni kwao tukichambua maharage, mimi nikitupa, yeye akidaka, na nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Tulipopita geti tukaanza kuteremkia Karatu, jua likatoka. Mwinjilisti akanitazama kwenye kioo.

"Haya binti, tuonjeshe hiyo sala. Humu garini tu, nami niisikie."

Nikasema mstari wa kwanza, nikanyamaza kumpisha rafiki yangu. Nikamgusa goti.

"Itikia basi."

Alikuwa akitazama mashamba ya nje kana kwamba ameyaona leo. Nikarudia mstari. Sauti ikatoka kiti cha mbele: "Naai," alisema Yeyo, kama wanavyoitikia maombi kwao. Nikaendelea kwa nguvu zake, mstari kwa mstari, mpaka pale babu alipomwita Mungu mama.

"Hapo hapo," alisema mwinjilisti. "Ndipo mwenzako aliponiambia pana shida."

"Alikuambia lini?"

"Mbona zamani. Alikuja analia, anaogopa kuitikia mambo ya jua. Nikamwambia asihangaike, nafasi hiyo atasoma Zaburi yeye. Na wewe, binti, utaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nilijua mmeshaongea."

Mambo ya jua. Jioni moja, juu ya ungo wa maharage, nilimsimulia rafiki yangu kwamba babu alipoomba aligeukia jua. Sikuwahi kumsimulia mwingine.

"Kwa hiyo ulikuwa unadaka kwangu unapeleka kwake?" nikamgeukia rafiki yangu.

"Ningekuambia usingekuja," alijibu, bado anatazama nje. "Wewe una vitabu vyako, wakikusema utawaandika. Mimi nina kwaya na nina mchumba. Wakinisema nakwenda wapi?"

Yeyo akageuka taratibu. "Kwetu pia Enkai ni mama. Na mimi nisiombe?"

Mwinjilisti akacheka. "Wewe omba unavyojua, Yeyo. Wewe ni mgeni wetu."

Hicho ndicho kilichonikata maini. Sala ya jirani ilikuwa desturi, mbeba kibuyu anakaribishwa mbele. Ya babu yangu, aliyelima bonde moja na baba zao, ilikuwa dhambi, na aliyeipeleka kuhukumiwa ni yule niliyempa kila neno lake.

Karatu tulisimama kituo cha mafuta. Nikashuka na begi langu.

"Usiwe mtoto," alisema mwinjilisti. "Mpakani Namanga ni mbali, panda twende."

Rafiki yangu akasogea mpaka kiti changu. "Panda bwana. Tutaongea njiani."

"Pokea mstari mmoja tu," nikamwambia. "Mmoja, hapa hapa, akisikia mwinjilisti. Nitapanda na sauti ya pili nitaimba."

Nikausema, pale kwenye vumbi jekundu, bodaboda zikipita. Alifungua mdomo. Nilimwona akifungua. Kisha akaitazama shingo ya mwinjilisti, akanyoosha mkono, akaufunga mlango mbele yangu.